Je, Wajua? Vijineno Vinavyoisumbua Mashine

Mwambie mtoto yeyote wa Magongo, Mombasa, sentensi hii: "Lori liligonga kibanda kikaanguka." Kisha muulize kilichoanguka ni kipi. Atajibu papo hapo: kibanda. Badilisha silabi moja tu, useme "likaanguka", na jibu linageuka: lori. Kiingereza kingetumia neno moja kwa maana zote mbili, "it", na msomaji angelazimika kutafuta jibu kwingine.

Hicho kijineno ni kiwakilishi, na umbo lake dogo linaficha kazi kubwa. Programu zinazotafsiri lugha, zinazojibu maswali na zinazogeuza sauti kuwa maandishi zimejengwa juu ya utafiti wa miaka mingi wa matini yaliyowekwa lebo. Watu huyapitia matini hayo neno kwa neno na kuandika: hili ni nomino, hili kitenzi, hili kiwakilishi. Nyingi za lebo hizo zilibuniwa kwanza kwa ajili ya Kiingereza. Tukizichukua vilevile na kuzibandika juu ya Kiswahili, viwakilishi vyetu vingi havitaonekana kabisa, ilhali ndivyo vinavyobeba habari ya nani alimfanyia nani nini.

Zilikozaliwa lebo

Katika miaka ya 1960, W. Nelson Francis na Henry Kučera wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walikusanya vipande 500 vya maandishi yaliyochapishwa nchini humo mwaka 1961. Kila kipande kilikuwa na maneno kama 2,000, hivyo wakapata kopasi, yaani hazina ya matini, ya maneno milioni moja. Baadaye kila neno likapewa lebo. Programu ya kwanza iliyofanya kazi hiyo, TAGGIT ya mwaka 1971, ilipatia kwa takriban asilimia 77. Yaliyobaki yalirekebishwa na binadamu, neno baada ya neno.

Wataalamu wa Brown walivichambua viwakilishi kwa uangalifu. "He", "she" na "it" vilipewa lebo PPS, kwa kuwa kitenzi kinachovifuata huongezwa herufi "s" katika wakati uliopo. "I", "we", "you" na "they" vilipewa PPSS, kwa sababu kitenzi chao hakiongezwi herufi hiyo. "Me", "him" na "them", vinavyotajwa kama watendwa, viliitwa PPO. Vile vya kujirejelea, kama "himself", vikawa na lebo zao, umoja mbali na wingi mbali.

Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilianzisha mradi mwingine, Penn Treebank, uliokuja kufikisha zaidi ya maneno milioni 4.5. Watafiti wake walipunguza lebo za maneno hadi 36. "I", "me", "him", "himself" na hata "mine" vyote vikatiwa katika kapu moja la PRP. Vimilikishi vinavyotangulia nomino, kama "my" na "their", vikapewa PRP$. Hoja yao ilikuwa kwamba kompyuta ikisoma neno "him" tayari inajua kuwa ni mtendwa, basi lebo isirudie kilichokwisha kusemwa na neno lenyewe.

Hata hivyo, yapo maneno yasiyojieleza. "Her" huwa PRP katika sentensi inayomaanisha "nilimwona", lakini huwa PRP$ katika ile inayomaanisha "gari lake". Tahajia ni ileile, kazi ni mbili, na anayeweka lebo sharti asome sentensi nzima. Neno "someone", yaani mtu fulani, limehama zaidi: Brown ililiita kiwakilishi, Penn ikaliita nomino ya kawaida, na mfumo wa sasa unaotumika katika lugha nyingi umelirudisha kwenye viwakilishi.

Mfumo huo wa sasa ni Universal Dependencies, uliotoa miongozo yake ya kwanza mwaka 2014. Una lebo kuu 17 tu, lakini kila lebo inaweza kuongezewa sifa. "She" huandikwa kuwa ni PRON, nafsi ya tatu, umoja, jinsia ya kike, mtenda. Lugha isiyo na jinsia huacha sifa hiyo wazi, na lugha yenye ngeli huweza kuongeza ngeli. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa lugha kama yetu.

Ni nani huyo?

Kuweka lebo ni hatua ya kwanza. Hatua ngumu zaidi ni kueleza kiwakilishi kinamrejelea nani. Mwaka 1972 Terry Winograd, mtafiti wa Marekani, alitoa mfano wa sentensi ambao umedumu: madiwani wa mji waliwanyima waandamanaji kibali kwa sababu "they" waliogopa vurugu, au kwa sababu "they" walitetea vurugu. Neno moja tu, "they", lakini katika sentensi ya kwanza ni madiwani na katika ya pili ni waandamanaji. Binadamu hujua kwa kuwa anaijua dunia. Karibu miaka 40 baadaye, Hector Levesque wa Chuo Kikuu cha Toronto alipendekeza sentensi za aina hiyo ziwe mtihani wa akili unde.

Ukiuleta mtihani huo kwa Kiswahili, utaona jambo la kuvutia. Sema "baraza la mji liliwanyima waandamanaji kibali kwa sababu liliogopa vurugu", na fumbo limekwisha kabla ya kuanza, kwani "li-" haiwezi kuwarejelea waandamanaji. Ngeli zimelifanya jambo liwe bayana. Lakini ukisema "madiwani waliwanyima waandamanaji kibali kwa sababu waliogopa vurugu", fumbo linarudi lilivyo, maana wote ni wa ngeli ya A-WA. Vivyo hivyo ukiambiwa "dereva alimwambia utingo kwamba amechelewa", hujui aliyechelewa ni yupi kati yao. Kwa jumla, Kiswahili ni makini kuliko Kiingereza kinapozungumzia vitu, na huacha mengi kwa msikilizaji kinapozungumzia watu wawili.

Kiwakilishi ndani ya kitenzi

Chukua neno "nilikuona". Kwa Kiingereza ni maneno matatu, mawili kati yake yakiwa viwakilishi. Kwa Kiswahili ni neno moja, na lebo yake ni kitenzi. Mzungumzaji na mzungumziwa wote wamo humo, "ni-" na "-ku-", lakini aliyehesabu lebo za viwakilishi hatawaona. "Aliyenipigia" lina viwakilishi vitatu: "a-" ya mpigaji, "-ye-" ya urejeshi na "-ni-" ya aliyepigiwa. Maneno kamili kama "mimi" na "wewe" hutumika zaidi pale msemaji anapotaka kusisitiza au kutofautisha. Kwa hiyo kopasi ya Kiswahili yenye lebo za maneno pekee itaonyesha viwakilishi vichache, ilhali lugha yenyewe imejaa viwakilishi pomoni.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza mwaka 1985 kutengeneza programu ya kuchambua Kiswahili kiambishi kwa kiambishi, kazi iliyokua ikawa mfumo wa SALAMA. Kwa mfumo huo iliwekwa lebo Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno kama milioni 25. Mwaka 2006 Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, waliitumia kopasi hiyo kuifundisha kompyuta kuweka lebo za aina za maneno ya Kiswahili yenyewe.

Siku hizi kazi inaendelea Afrika kwenyewe. Watafiti wa mtandao wa Masakhane walitoa mwaka 2023 MasakhaPOS, data yenye lebo za aina za maneno kwa lugha 20 za Afrika, zikiwemo Kiswahili, Kijaluo na Kiganda, kwa kufuata zile lebo 17. Nchini Kenya, mradi wa Kencorpus wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya, ukaweka lebo maneno ya Kijaluo na Kiluhya, na kuandaa zaidi ya maswali 7,500 ya Kiswahili pamoja na majibu yake. Huo ni msingi wa kujivunia. Lililobaki ni kushuka ngazi moja zaidi, kutoka neno hadi kiambishi.

Daktari ni mwanamume au mwanamke?

Upungufu huo wa lebo una athari. "Ni daktari wa Hospitali ya Port Reitz. Amefika." Hakuna popote paliposemwa kama daktari ni mwanamke au mwanamume. Kiingereza hulazimisha kuchagua, na mashine huchagua kwa kufuata mazoea ya matini iliyoyasoma. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil waliijaribu Google Translate kwa lugha 12 zisizotofautisha jinsia kwenye kiwakilishi, Kiswahili kikiwemo. Waliona kuwa tafsiri iliegemea mno upande wa wanaume, hasa kwa kazi za sayansi na uhandisi. Mwandishi wa Kiswahili hakusema hivyo. Mashine ndiyo iliyomsemea.

Data yenye lebo nzuri ingeandika wazi kwamba "a-" ni nafsi ya tatu, umoja, mtu au mnyama, jinsia haikutajwa. Programu iliyosoma hivyo ina sababu ya kutoa tafsiri zote mbili, au kutafuta jina la daktari katika sentensi zilizotangulia kabla ya kuamua.

Lugha ya barabarani nayo ihesabiwe

Magongo ni mahali pazuri pa kuupima mfumo wowote wa lebo. Ipo upande wa bara wa Mombasa, huko Changamwe, kwenye njia iendayo uwanja wa ndege wa Moi, karibu na bandari na kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta. Malori na ajira zimewaleta hapo watu wa kila pembe ya Kenya, wakaishi na wenyeji wa pwani. Kwa hivyo sikio hunasa mengi. Mwenye Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema "yuaja" pale mwingine anaposema "anakuja". "Yu-" na "a-" ni nafsi ileile kwa maumbo mawili. Mmoja atasema "lori limefika", jirani yake "lori imefika".

Huo wa pili ni usemi hai wa Wakenya wengi, na data isiyoujua haitawaelewa wenyewe. Lakini tazama unavyobadilisha lile fumbo la mwanzo. Ukisema "lori iligonga kibanda ikaanguka", na kibanda nacho msemaji amezoea kukiita "i-", basi hujui tena kilichoanguka, sawa kabisa na msomaji wa "it". Mweka lebo anapaswa kuandika kilichosemwa, kisha aongeze lebo inayoonyesha kinamrejelea nani au nini. Kopasi iliyojaa magazeti pekee haitamfundisha mtu wala mashine jambo hilo.

Karatasi ya Pili

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Mwanafunzi wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, hukutana na swali la aina hii katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili: changanua viambishi vya neno fulani. Anajua kwamba katika "nilikuona", "ni-" ni nafsi ya kwanza umoja, "-li-" ni wakati uliopita, "-ku-" ni mtendwa wa nafsi ya pili umoja, "-on-" ni mzizi na "-a" ni kiishio. Darasani "ni-" na "-ku-" tunaviita viwakilishi viambata. Huko ndiko kuweka lebo hasa, tena kwa undani kuliko ule wa Penn.

Utaratibu wa kazi nzuri unajulikana: mwongozo ulioandikwa wazi, watu wawili wanaoweka lebo matini ileile bila kuangaliana, kisha kupima wanakubaliana kiasi gani na kusuluhisha wanapotofautiana. Kijana wa Magongo aliyepita Kidato cha Nne, anayesikia Kimvita na Kiswahili cha bara kila siku, ana ujuzi ambao maabara ya mbali hununua kwa shida. Vyuo vikuu vyetu na kampuni zinazojenga programu za Kiswahili zimtafute, zimlipe haki yake, na jina lake liandikwe katika kazi hiyo. Hapo ndipo mashine itakapojua kwamba "kikaanguka" ni kibanda, na kwamba daktari wa Port Reitz anaweza kuwa binti wa Changamwe.