Kiini, Kipakizi na Chaguo-Msingi

Mfasiri wa miongozo ya Linux hukutana mapema na dhana tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni kiini, yaani programu ya ndani kabisa inayozigawia programu nyingine kumbukumbu, muda na vyombo vya kompyuta. Linus Torvalds alitoa kiini cha kwanza cha Linux mwaka 1991. Neno letu latosha. Mtu wa Bukoba aliyewahi kukoboa kahawa hahitaji maelezo. Ya pili ni kipakizi, programu ndogo inayokichukua kiini diskini na kukiweka katika kumbukumbu kompyuta inapowashwa. Kinachotumika sana ni GRUB.

Utata umo katika ya tatu. Istilahi ya chaguo-msingi imekwisha kuenea, walakini neno “msingi” humfanya msomaji adhani kuwa kilichochaguliwa ndicho bora. Maana yake ni nyembamba zaidi: ni kile kinachochukuliwa pale ambapo mtu hakusema neno. (Katika hati za mikopo neno hilohilo la Kiingereza huwa na maana ya kushindwa kulipa deni, mfasiri asichanganye.)

GRUB huweza kuelekezwa chaguo hilo kwa namba ya nafasi katika orodha, kuanzia sifuri. Mfumo unapopandishwa toleo, kiini kipya huingia juu ya orodha na vya zamani husogea chini, ilhali namba haisogei. Aliyekusudia kiini fulani hupewa jirani yake.

Tuchukue wilaya za Mkoa wa Kagera kwa alfabeti. Kabla ya mabadiliko ya 2012, ya tatu ilikuwa Chato na ya nne Karagwe. Mwaka huo Chato ikaingia Mkoa mpya wa Geita, na Kyerwa ikamegwa kutoka Karagwe. Barua ya “wilaya ya nne” sasa ingefika Kyerwa. Lakini Bukoba ilibaki ya pili na Muleba ya sita. Karani wa Muleba angeweza kuapa kuwa orodha ni ileile. Ndivyo kosa hili linavyojificha.

Tena si dogo. Kompyuta hutangaza kuwa imesasishwa, kumbe marekebisho ya usalama yaliyomo katika kiini kipya hayana kazi mpaka kiini hicho kipakiwe. Mwendeshaji atumie amri ya uname -r kujua kiini kinachotumika, aipe GRUB jina la kiini badala ya namba, kisha katika Debian au Ubuntu aendeshe update-grub. Naye mfasiri, mahali pa kwanza istilahi inapotokea, aandike: “chaguo-msingi, yaani kiini kitakachopakiwa usipochagua kingine.”