Meli Iliyopita Manyoni kwa Gari Moshi

 

Leo tutajifunza habari za kuunda meli na kuzivunja. Pengine utauliza: "Sisi watu wa Singida, meli zatuhusu nini? Ziwa Singidani na Ziwa Kindai hayana bandari." Swali lako ni zuri. Lakini ipo meli moja kubwa iliyopita katika mkoa wetu, nayo haikupita majini. Ilipita relini.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Urefu wake ni kama mita 70. Wajerumani, waliotawala nchi yetu wakati ule, walitaka itembee katika Ziwa Tanganyika. Lakini hakuna njia ya maji ya kupitisha meli kubwa kutoka baharini hadi ziwani. Basi walifanyaje? Waliifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku 5,000 hivi. Masanduku yakaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha yakapakiwa katika gari moshi. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Basi yakapita Dodoma, Manyoni, Itigi na Tabora, mpaka Kigoma.

Huko Kigoma mafundi waliiunda upya katika chelezo. Chelezo ni mahali pa kuundia na kutengenezea meli, kando ya maji. Tarehe 5 Februari, 1915, ikashushwa ziwani. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen.

Wakati huo ilikuwa vita. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliondoka Kigoma. Hawakutaka meli itekwe, kwa hiyo wakaizamisha. Lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake grisi nyingi, zisiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa. Mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na mizigo kwa miaka mingi.

Sasa tufikiri pamoja. Fundi wa baiskeli hukumbuka kwa kichwa kila kitu alichokifungua. Lakini masanduku 5,000, nani atayakumbuka? Kazi kama hiyo haiwezekani bila alama na namba zilizoandikwa, na mtu wa kuzisoma. Bila maandishi, meli ile ingefika Kigoma ikiwa rundo la chuma tu.

Ziko meli nyingine zinazovunjwa zisiundwe tena. Meli ikizeeka huuzwa, ikakatwa, na chuma chake kikayeyushwa kufanywa nondo na mabamba mapya. Kazi hiyo hufanyika sana Alang, nchini India, na Chattogram, nchini Bangladesh. Meli hupandishwa ufukoni maji yakijaa, na watu huikata kwa moto wa gesi. Ni kazi ya hatari. Tangi lenye mabaki ya mafuta laweza kulipuka. Katika meli za zamani imo pia asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Watu wengi wamekufa katika kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo mataifa yalifanya mkataba mjini Hong Kong mwaka 2009, nao ukaanza kutumika mwaka 2025. Mkataba huo unataka meli iwe na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo ndani yake. Orodha ni kitu kizuri. Lakini yamfaa nini mfanyakazi asiyejua kusoma, akiwa peke yake mbele ya tangi? Usione kusoma ni kazi ya karani tu. Hata mwenye nyundo mkononi, kusoma kwaweza kumwokoa.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini meli ilifunguliwa kabla ya kuletwa?
2. Grisi ilisaidia nini?
3. Katika kazi yako, ni maandishi gani yanayokuonya juu ya hatari?