Rasi ya Jikoni katika Nyumba za Mkomani

Mwanafunzi wa jiografia anajua kwamba rasi huchomoza baharini bila ya kuachana na bara, na kwamba kisiwa kimejitenga. Wachoraji wa nyumba wa Ulaya na Marekani wameyachukua maumbo hayo wakayatia jikoni. Kisiwa ni kaunta isimamayo peke yake katikati ya chumba. Rasi ni kaunta iliyoshikana na ukuta kwa ncha moja, ikitenga mahali pa kupikia na mahali pa kukaa. Imekusudiwa nyumba wazi, ambamo jiko na sebule havigawanywi kwa kuta.

Je, rasi hiyo yaweza kutiwa katika nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu?

Wapo wasemao kwamba nyumba wazi ni jambo geni kwa Mswahili. Sikubaliani nao. Msana wa tini na msana wa yuu (ndivyo Kiamu kitamkavyo chini na juu) hufuatana bila ya mlango kati yao, navyo hukielekea kiwanda kilicho wazi kwa mbingu. Kilichofungwa ni njia ya kuingilia: mgeni husita dakani, kisha tekani, kabla ya kukiona kiwanda. Uwazi huanza pale ugeni unapokoma. Nalo jiko lilipandishwa darini, mahali paitwapo kidari cha meko, ili moshi na joto vipotelee hewani. Majina ya vyumba hivi si mapambo ya lugha; ndiyo ramani ya nyumba yenyewe.

Basi anayetaka rasi na aanze na kipimo. Upana wa chumba cha Lamu uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, nao kwa kawaida hauzidi mita 3. Tuchukue mita 2.8. Kaunta ya ukutani hula sentimita 60, njia ya mpishi mita 1, kisiwa chembamba sentimita 60; zimebaki sentimita 60, wala mtu hapiti hapo na sinia mikononi. Kisiwa hakifai, ajabu iliyoje kwa mji ulio kisiwani! Rasi yafaa, maadamu ikikate chumba kwa mapana: ianze kwenye ukuta mrefu, iende mita 1.8, iache mita 1 ya kupita.

Kinachotisha ni nyundo. Mwenye nyumba akiona vyumba ni vyembamba hushawishika kuvunja ukuta ulio kati ya viwili ili apate ukumbi mpana. Ukuta huo ndio uliobeba vichwa vya boriti za pande zote mbili. Ukiondoka, dari hufuata. UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini hata pasingekuwapo sheria yoyote, mawe ya matumbawe na chokaa hayana huruma kwa asiyeyaelewa.

Uzito nao una hesabu yake. Katika ghorofa ya juu, rasi iliyokata chumba kwa mapana hulala sambamba na boriti, na mzigo wake huangukia boriti chache tu. Kwa hiyo ijengwe kwa mbao, si kwa zege, na sinki libaki kwenye kaunta ya ukutani, maji yasije yakapita chini ya sakafu.

Je, iwekwe wapi? Si katika chumba cha kwanza baada ya tekani. Gesi imeondoa moshi, haikuondoa harufu ya papa, wala mama wa nyumba hapendi kila abishaye hodi amkute na sufuria mkononi. Darini, pembeni mwa kidari cha meko, ndipo pake: jamaa wakae upande mmoja, mpishi awe upande wa pili, upepo wa kaskazi au wa kusi ukipita katikati.

Tena, kaunta ya sentimita 90 ni ya mtu aliyesimama. Akunaye nazi huikalia mbuzi, karibu na sakafu, nacho kinu hutaka nafasi ya kuinulia mchi. Mchoraji na aache sakafu tupu nyuma ya rasi, angalau mita 1 kwa mita 1.5, na asiijaze makabati.