Kiti cha Mtoto Garini (Sehemu ya Tatu): Fundi Alipwe na Nani?

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza namna kiti cha mtoto kinavyosambaza mshtuko wa ajali ili usiangukie shingo peke yake, na kwa nini mtoto mchanga huketishwa akiangalia nyuma ya gari. Leo naingia katika ubishi wa fedha. Huko Marekani, ambako ukaguzi wa viti hivi umekuwa kazi yenye mtaala, mtihani na cheti, mafundi wenyewe wanabishana: mzazi anayeleta gari likaguliwe atozwe ada, au huduma ibaki bure kama ilivyozoeleka?

Nitasema msimamo wangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Fundi anastahili kulipwa, tena alipwe vizuri. Mzazi ndiye asitozwe. Mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja, na ubishi mwingi unatokana na kudhani kwamba hayawezi.

Tuanze na fundi mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ya serikali ya shirikisho inayosimamia usalama wa barabara kuu, NHTSA, iliweka mtaala mmoja kwa nchi nzima. Shirika la Safe Kids Worldwide ndilo linalotoa vyeti. Anayetaka cheti hukaa darasani siku tatu au nne, hufanya mitihani ya maandishi na ya vitendo, hulipa ada ya karibu dola 100, na siku ya mwisho hukagua magari ya watu halisi mbele ya wakufunzi. Cheti hudumu miaka 2. Akitaka kukihuisha lazima athibitishwe katika ufungaji wa viti vitano, apate saa za masomo ya ziada, ahudumie jamii, kisha alipe tena. Wanaofanya kazi hii ni askari wa zimamoto, polisi, wauguzi, maofisa wa afya ya jamii, na akina mama wengi waliojifunza baada ya kuhangaika na kiti cha mtoto wao. Baadhi yao hulipwa mshahara na mwajiri wao, na ukaguzi ni sehemu ya kazi zao. Wengine hujitolea Jumamosi, kwa mafuta ya gari lao.

Mzazi akifika, fundi huanza kwa maswali: mtoto ana uzito gani, ana urefu gani, kiti kilipatikana wapi, kimewahi kuwamo garini wakati wa ajali? Husoma kibandiko cha kiwandani kutafuta tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana plastiki na mikanda huchakaa. Hufungua vitabu viwili vya maelekezo, cha kiti na cha gari, kwa sababu kiti kimoja hukaa vizuri katika gari hili na kikakataa katika lile. Hukishika kiti mahali mkanda unapopita na kukitikisa: kisicheze zaidi ya inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu hivi. Hubana mkanda wa begani kwa vidole viwili, na akipata kunjo la kushikika anajua umelegea. Kibanio cha kifuani kikae usawa wa kwapa. Koti nene la baridi livuliwe kabla mtoto hajafungwa, kwa kuwa ajali hulibonyeza likawa jembamba na mkanda ukaachia nafasi ambayo mtoto anaweza kuchomokea.

Hayo yote hayajamaliza kazi. Baada ya kuonyesha, fundi hukifungua kiti chote na kumkabidhi mzazi akifunge mwenyewe kwa mikono yake, huku akieleza kila anachofanya. Nusu saa hupita, mara nyingine dakika 45, kwa kiti kimoja tu. Fundi mzuri hapimwi kwa jinsi alivyokaza mkanda siku ile. Kipimo chake ni kama mzazi ataweza kuukaza peke yake wiki ijayo, kiti kikihamishiwa gari la bibi.

Haja ya kazi hii haina ubishi. Kwa takwimu za NHTSA, kiti kinachotumika vizuri katika gari dogo hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na kwa asilimia 54 kwa wa mwaka mmoja hadi minne. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mamlaka hiyohiyo, wa mwaka 2011, ulikuta kwamba asilimia 46 ya viti vilikuwa na kosa la ufungaji au la matumizi linaloweza kupunguza kinga hiyo. Karibu nusu. Na wazazi hao si wazembe: wamenunua kiti, wamekiweka garini, wamemfunga mtoto, na wanaendesha wakiamini wametimiza wajibu wao.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Ada hufanya kazi yake pale mteja anapojua ana shida. Jino likiuma, mtu hutafuta daktari na fedha za daktari. Kiti kilicholegea hakiumi wala hakipigi kelele. Mzazi anayeuhitaji zaidi ukaguzi ndiye mwenye uhakika zaidi kwamba hauhitaji, na ukimwekea dola 40 mlangoni atapita zake kwa dhamiri safi. Watakaolipa ni wale wenye wasiwasi, waliokwisha kusoma kitabu cha maelekezo mara mbili, ambao aghalabu viti vyao viko karibu na sawa. Kwa hiyo ada haipunguzi foleni tu. Inawachuja watu kinyume cha haja.

Wanaotetea ada wana jibu, na jibu lao lisikilizwe. Wanasema cha bure hakithaminiwi: watu huweka miadi na wasitokee, fundi akabaki amesimama uwanjani na fulana yake. Wanasema pia kwamba ujuzi huu umegharimu fedha na muda, na kwamba jamii imezoea kuomba bure kazi zinazofanywa zaidi na wanawake, hasa zikihusu watoto. Sehemu hii ya pili ni kweli tupu. Wengi huacha cheti kiishe muda bila kukihuisha, na kila anayeacha anaondoka na uzoefu ambao darasa la siku nne haliwezi kuurudisha.

Hilo la kwanza, la cha bure kutothaminiwa, limepimwa, na limepimwa huku kwetu. Katika shule za Busia, magharibi mwa Kenya, wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia dawa za minyoo zilizokuwa zikitolewa bure. Wazazi wa baadhi ya shule walipotakiwa kuchangia kiasi kidogo tu, utumiaji wa dawa ulianguka kwa asilimia 80 ukilinganishwa na shule zilizoendelea kupewa bure. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2007. Miaka mitatu baadaye Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichapisha wao, uliofanyika katika kliniki za wajawazito za eneo hilohilo la magharibi mwa Kenya kuhusu vyandarua vyenye dawa. Bei ilipopanda kutoka sufuri hadi senti 60 za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na lililo muhimu zaidi kwa mjadala wetu ni hili: waliopewa bure walikitundika chandarua kwa kiwango kilekile cha walionunua. Wala bei haikuwachagua waliokihitaji zaidi; wanawake waliolipa hawakuwa wagonjwa kuliko wale wa bure.

Kiti cha gari na chandarua ni vitu tofauti, na mzazi wa Ohio si mjamzito wa Busia. Mfanyakazi wa Marekani mwenye kipato cha kati hatashindwa na dola 40. Lakini tabia iliyoonekana Kenya haikutokana na umaskini peke yake. Kinga ni kitu ambacho faida yake haionekani siku unayolipa, na binadamu, awe na fedha au asiwe nazo, huahirisha malipo ya namna hiyo. Kuhusu wanaokosa miadi, dawa ipo isiyohitaji ada: ujumbe wa simu siku moja kabla, au vituo vya wazi ambapo yeyote hufika na kusubiri zamu yake.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisiitake ada, nayo inagusa ufundi wenyewe. Mtu akilipa, hutaka afanyiwe. Atasimama pembeni na simu yake, fundi akaze, yeye aondoke na kiti kilichofungwa na fundi. Fundi naye, akilipwa kwa idadi ya viti, atavutwa kuharakisha, na kumngoja mama anayepambana na mkanda kwa dakika 20 kutaonekana ni hasara. Somo litageuka huduma ya gereji. Zaidi ya hayo, baadhi ya majimbo yana sheria zinazomkinga fundi dhidi ya kushtakiwa kwa kosa alilofanya kwa nia njema, kwa sharti kwamba hakupokea malipo. Anayetoza huenda akaipoteza kinga hiyo, na akanunue bima yake.

Basi nani alipe? Nadhani jibu linatoka katika historia ya sheria yenyewe. Jimbo la kwanza kuwalazimisha wazazi kutumia kiti lilikuwa Tennessee. Dk. Robert Sanders, daktari wa watoto wa mji wa Murfreesboro, aliwasumbua wabunge wa jimbo hadi wakaipitisha mwaka 1977, ikaanza kutumika Januari 1978. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Serikali ilimwambia mzazi: tumia kiti hiki kwa usahihi, la sivyo utatozwa faini. Serikali inayotoza faini kwa kutojua ina deni la kufundisha.

Na njia ya kulilipa deni hilo ipo, haihitaji kubuniwa. Sheria ya California inaelekeza asilimia 60 ya faini za makosa haya kwenye idara za afya za maeneo, zitumike kwa elimu ya jamii pamoja na kuonyesha jinsi ya kufunga viti. Serikali ya shirikisho nayo hutoa ruzuku kwa majimbo, na moja ya masharti yake ni jimbo liwe na mtandao wa vituo vya ukaguzi na mafundi wa kutosha wenye vyeti. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliongeza sharti kwamba angalau asilimia 10 ya ruzuku hiyo ilenge usalama wa watoto katika jamii za kipato cha chini na zisizofikiwa. Fedha hizi zipo. Ninachodai ni kwamba sehemu yake iende wazi kwenye mishahara na posho za mafundi, na si kwenye vipeperushi na mabango pekee. Hospitali zinazowaruhusu watoto wachanga kwenda nyumbani kila siku, na kampuni za bima zinazolipa gharama za majeraha, zina kila sababu ya kuajiri mafundi wao.

Jamii zisizofikiwa ni pamoja na ndugu zetu. Familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimepewa makazi kwa wingi katika miji kama Louisville na Dayton, na wengine wamejikusanya Portland, Maine. Nyingi zina watoto wanne, watano, sita, na gari moja lililonunuliwa kwa mkopo. Viti vitatu kwenye benchi moja la nyuma ni mtihani hata kwa fundi mwenye miaka kumi kazini. Maelekezo yameandikwa kwa Kiingereza na Kihispania. Kisha fikiria mahali ukaguzi unapofanyika: aghalabu kituo cha zimamoto au cha polisi. Mtu aliyetoka Goma au Bukavu, aliyezoea kusimamishwa na wenye sare na kuombwa kitu kidogo ili apite, akisikia kwamba mtu mwenye sare atalikagua gari lake na kutaka fedha, atafasiri jambo hilo kwa uzoefu wake. Hatarudi, na atawaambia wenzake kanisani wasiende. Kwa familia hizi neno bure lisemwe mwanzoni, kwa Kiswahili, na mtu anayefahamika, na mafundi wanaozungumza lugha yao watafutwe na kulipiwa mafunzo.

Sipingi washauri binafsi. Katika miji kama New York wapo wanaotoza ili kuja nyumbani jioni, kwa muda anaoutaka mzazi, na hawamdhulumu mtu. Anayeweza kulipia urahisi huo alipe, na anapunguza foleni kwa wengine. Ila jimbo lisije likahesabu washauri hao kama mtandao wake na kufunga kituo cha bure.

Kwa msomaji aliye Marekani: kabla ya kwenda, piga simu uulize mambo mawili, kama huduma ni bure na kama siku hiyo atakuwepo fundi mwenye cheti, kwa sababu si kila askari wa zimamoto anacho. Beba kitabu cha kiti na cha gari, na mpeleke mtoto mwenyewe ikiwezekana. Ukionyeshwa, omba ukifunge wewe hadi ukipatie.

Sehemu ya nne itahusu viti vilivyokwisha kutumika: namna ya kusoma kibandiko, na maswali ya kumuuliza anayekuuzia au kukupa.