Kwenda si sawa na kurudi, hata kwa chembe

BADILI shilingi za Kenya kuwa za Tanzania pale Namanga, kisha uzirudishe papo hapo: hupati kiasi kilekile. Kuna bei ya kununua na bei ya kuuza. Wanafizikia waliamini kwa muda mrefu kwamba chembe ndogo hazina mambo hayo, kwamba sheria zake ni zilezile muda ukienda mbele au ukirudi nyuma. Ugunduzi wa mwaka 1964 uliwatia shaka. Ushahidi wa moja kwa moja ulihitaji mtambo.

Mtambo huo, CPLEAR, ulifanya kazi CERN, karibu na Geneva, Uswisi, miaka ya 1990. Ulichunguza kaoni isiyo na chaji ya umeme. Kaoni hiyo ina pacha wa antimaada, na kila mmoja hugeuka kuwa mwenzake akiwa njiani. Je, kasi ya kwenda ni sawa na ya kurudi?

Tatizo ni kwamba kisicho na chaji hakiachi alama njiani. Wabunifu wakafanya kama watu wa forodha, wakaweka mihuri miwili. Antiprotoni, kama milioni moja kwa sekunde, zilikutana na gesi ya haidrojeni, na kaoni ikazaliwa pamoja na kaoni nyingine yenye chaji. Hiyo ya pili ikiwa hasi, msafiri wetu alianza kama maada. Ikiwa chanya, alianza kama antimaada. Muhuri wa kufika ni chaji ya elektroni inayotoka msafiri anapovunjika.

Kazi kubwa ilikuwa kuulinda mtambo usijidanganye. Sumaku yake ilipinda chembe chanya upande mmoja na hasi upande mwingine, hivyo kasoro ndogo ya upande mmoja ingeonekana kama ugunduzi. Wakawa wanageuza sumaku mara kwa mara, kama muuza nafaka anayebadilisha sahani za mizani asiyoiamini. Tena, kaoni chanya na hasi hazipiti sawa ndani ya vyuma vya mtambo. Tofauti hiyo ikapimwa kivyake na kuondolewa kwenye hesabu.

Matokeo yakatoka 1998. Katika kila mageuzi 1,000, takriban 503 yalikuwa ya antimaada kuwa maada, na 497 ya kinyume chake. Pengo hilo peke yake halitoshi kueleza kwa nini ulimwengu umejaa maada.

Baadhi ya wanafizikia walibishia tafsiri hiyo. Mwaka 2012 mtambo wa BaBar, Marekani, ulitumia chembe nyingine, mesoni za B, ukakuta tena kwamba kwenda na kurudi si sawa.