Maji ya Mto Mara ni Dhamana ya Mgodi na ya Nyumba

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wananchi wa Wilaya za Tarime na Serengeti wangeweza kuongeza kwamba maji yakichafuka hayasafishiki upesi, na kwamba gharama ya kuyasafisha hulipwa kwanza na mama mwenye ndoo kichwani. Wewe uliye mjini, unayefungua bomba na kununua sato sokoni, usidhani kuwa jambo hili halikuhusu. Mto na ziwa ni vitu vya udugu mmoja.

Mto Mara huanzia katika Msitu wa Mau nchini Kenya, ambako huanzia mito ya Nyangores na Amala, ambayo huungana chini zaidi na kuufanya mto huu. Hupita katika mbuga ya Masai Mara, huingia kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha huteremka kati ya Tarime na Serengeti, na kupenya katika kinamasi kikubwa kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria, karibu na Musoma. Safari hiyo ni ya kilometa zipatazo 395. Wakati wa kiangazi, vijito vingi vinapokauka, mto huu ndio tegemeo la nyumbu, ng'ombe na binadamu pia.

Mwamba ukifukuliwa

Kando ya mto huo, huko Nyamongo wilayani Tarime, uko mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Yafaa tuelewe jinsi dhahabu inavyohusiana na maji. Mwamba unaobeba dhahabu mara nyingi huwa na salfa ndani yake. Ukiwa chini ya ardhi hauna madhara; ukifukuliwa ukapata hewa na mvua, huweza kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini mengine mazito. Aidha, mwamba uliosagwa huchanganywa na sayanaidi ili kuitoa dhahabu, na mabaki yake huwekwa katika bwawa la topesumu. Bwawa likivuja, au mvua ikizidi kipimo chake, jirani wa kwanza kupata habari ni mto.

Mambo hayo yamekwisha tokea. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, unaopeleka maji yake Mto Mara. Kampuni ilieleza kuwa karatasi ya plastiki iliyotandikwa bwawani ilikuwa imeibwa. Wananchi nao walilalamikia maradhi ya ngozi na vifo vya mifugo. Mwezi Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya kuvuja kwa bwawa la topesumu, na mwezi Julai matumizi ya bwawa hilo yakasimamishwa kwa muda. Tangu makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020, Serikali ina hisa asilimia 16 katika mgodi huo. Kwa hiyo umma ni mwenye mali, na mwenye mali ana wajibu wa kuuliza.

Samaki walipoelea

Mwezi Machi 2022 maji ya Mara yalibadilika rangi yakawa meusi, na samaki wakaelea wamekufa. Wananchi walikatazwa kuyatumia. Kamati iliyoundwa na Serikali ilitoa taarifa kwamba haikukuta sumu ya mgodini; ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na majani yaliyooza, vitu ambavyo viliimaliza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika.

Kwamba kinyesi huweza kuua samaki si ajabu. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu viboko zaidi ya 4,000 wa sehemu ya juu ya mto huu, huko Kenya. Kinyesi chao hurundikana katika vidimbwi wakati wa kiangazi. Mvua kubwa ikikikumba na kukisukuma, oksijeni hupungua na samaki hufa. Lakini mashaka ya wananchi nayo yana msingi wake. Mto hutembea, kilichopita Jumatatu hakipatikani Ijumaa. Kipimo kinachochukuliwa baada ya samaki kuelea huja kimechelewa, na mtu ambaye hajapata kuonyeshwa hali ya maji katika siku za amani hawezi kulazimishwa kuamini anachoelezwa siku ya msiba.

Hali ya hewa imebadilika

Hayo yote yanatukuta wakati mvua haina tena adabu yake ya zamani. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda isivyo kawaida na kuvamia makazi. Mwishoni mwa 2022 ukame ulileta mgawo wa umeme nchini. Bwawa la topesumu lazima lijengwe kwa kukisia mvua za leo na za kesho, si zile za miaka 30 iliyopita.

Viwanda navyo vina mchango katika joto hilo. Kusaga mwamba hula nguvu nyingi, na nguvu ya jenereta za dizeli huongeza moshi angani. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na linawezesha migodi na viwanda kutumia umeme wa gridi badala ya dizeli. Hata hivyo umeme huo nao ni maji. Taifa lisilotunza vyanzo vyake halitaweza kuacha mafuta.

Wajibu wa nyumbani

Tusiutupie mgodi lawama zote. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, lakini mashamba na mazizi yamefika majini. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, pengine uani ambako watoto wanacheza.

Kila familia na ikumbuke kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki wala madini mengine mazito. Maji yanayoshukiwa hivyo yasinywewe hata yakichemshwa. Maji ya mvua ni msaada mkubwa: paa la bati lenye meta 5 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 10, hukinga hadi lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Ni ndoo 15 ambazo mama na binti hawatazifuata mtoni.

Lakini ndoo za mvua haziondoi haja ya ukweli. Maji ya Tigithe na Mara yapimwe kila mwezi, juu na chini ya mgodi, mbele ya wajumbe wa vijiji, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji, zahanati na shule. Gharama yake ni ndogo mbele ya faini ya shilingi bilioni 5.6. Siku maji yatakapobadilika rangi tena, mwananchi atakuwa na karatasi ya mwezi uliopita mkononi, naye atajua la kuuliza.