Sinia moja, miili mitatu: chakula na homoni za mwanamke

Chukua mfano wa nyumba moja ya Shanzu, saa moja asubuhi. Juu ya jamvi pana sinia la mahamri na mbaazi za nazi, kando yake birika la chai ya maziwa. Wanaokula ni wanawake watatu. Binti wa miaka 16 anajiandaa kwenda shule. Mkaza mwana wa miaka 28 ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu ya usiku hotelini. Mama mwenye nyumba ana miaka 52.

Kila mmoja ana lake. Binti hutokwa na damu nyingi ya hedhi na hushinda amechoka darasani. Mkaza mwana huu ni mwezi wa nne hajaona siku zake, na vipimo vinaonyesha hana mimba. Mama alikoma hedhi mwaka juzi, na usiku huamshwa na joto la ghafla. Nyumba nyingi za Pwani huyaita haya yote kwa jina moja: chango. Na wauzaji wa unga na chai za "kusawazisha homoni" wana jibu moja kwa wote watatu.

Tatizo la jibu hilo ni kwamba wanawake hawa hawaumwi kitu kimoja. Kinachomfaa binti chaweza kisimfae mkaza mwana, na mama ana mahitaji yake mengine kabisa.

Homoni ni nini?

Homoni ni wajumbe wa mwili. Hutengenezwa kwenye tezi na viungo mbalimbali, kisha husafirishwa na damu hadi zinakohitajika. Estrojeni na projesteroni huongoza hedhi na mimba. Insulini, inayotoka kwenye kongosho, huiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli ili itumike. Homoni za tezi ya shingo hupanga kasi ya kazi za mwili. Wajumbe hawa hutegemeana. Mmoja akizidi au akipungua, wengine huyumba.

Chakula kina nafasi kubwa hapo, lakini miili haikipokei kwa namna moja. Mwaka wa 2020, watafiti wakiongozwa na chuo cha King's College London walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima wapatao 1,000 nchini Uingereza, wengi wao wakiwa pacha. Walipewa chakula kile kile, lakini sukari na mafuta katika damu yao vilipanda kwa viwango tofauti, hata kwa pacha wa kufanana. Ndiyo maana wataalamu sasa wanazungumzia lishe inayomfaa mtu binafsi. Nchi nyingine huiuza kwa vipimo vya bei ghali. Mkazi wa Shanzu anaweza kuianza kwa mizani, utepe wa kupimia kiuno, tone la damu na maswali sahihi.

Binti: damu inayopotea

Katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, hedhi kutofuata mpangilio ni jambo la kawaida. Lakini damu inayozidi siku saba, au inayolazimu kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, inaweza kummalizia msichana madini ya chuma na kumletea upungufu wa damu. Kipimo cha himoglobini huonyesha hali hiyo.

Msichana huyu hahitaji kupunguziwa chakula. Anahitaji kuongezewa dagaa, maini, pojo, kunde na mboga za majani, pamoja na ndimu, chungwa au embe, kwa sababu vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Mbaazi za asubuhi zina madini hayo, ila chai inayonywewa pamoja nazo huyazuia yasifyonzwe vizuri. Chai isogezwe mbele kwa saa moja hivi. Vidonge vya kuongeza damu vitolewe baada ya vipimo, na chanzo cha damu kuwa nyingi kitafutwe.

Mkaza mwana: insulini na mayai

Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko unaozidi siku 35 kila mara, au hedhi isiyoonekana kwa zaidi ya miezi mitatu, inahitaji uchunguzi. Kwanza ni kipimo cha mimba. Halafu swali la uzazi wa mpango, kwa kuwa sindano ya miezi mitatu inaweza kuikatiza hedhi, hata kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Tezi ya shingo nayo hupimwa.

Sababu nyingine ni hali ambayo hospitalini hujulikana kwa kifupi kama PCOS. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba huwapata wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui. Kwa wengi wenye hali hii, mwili hauitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho hutoa insulini zaidi. Insulini hiyo huzisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mayai hushindwa kukomaa na kutoka, hedhi hupotea, chunusi huzidi, na nywele huota kidevuni au kifuani. Hali hii huongeza hatari ya kupata kisukari, ikiwemo kile cha wakati wa ujauzito.

Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka wa 2023 unasema hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kuishinda milo mingine yenye afya. Kwa hiyo mkaza mwana hana haja ya kuacha wali wala sima. Abadilishe vipimo: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe samaki, maharagwe au pojo, na robo iliyobaki iwe wali, sima au muhogo. Asubuhi apunguze mahamri na sukari ya chai, aongeze mbaazi. Akienda zamu ya usiku abebe chakula cha nyumbani, asitegemee soda na chipsi za alfajiri. Kutembea kila siku pia huusaidia mwili kuitikia insulini. Mwenye uzito uliozidi akipunguza hata asilimia 5, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, anaweza kuona nafuu. Lakini PCOS huwapata pia wanawake wembamba, na hao hawapaswi kuambiwa wapungue.

Kuna jingine ambalo familia inapaswa kulisikia. Mtoto akichelewa, lawama humwangukia mke kabla hajapimwa mtu yeyote. Sababu inaweza kuwa kwa mume pia, hivyo wote wawili waende kliniki. Wanawake wengi wenye PCOS hupata watoto, wengine kwa msaada wa dawa za hospitali.

Mama: mifupa na moyo

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni hushuka, na pamoja nayo hupungua kinga ya mifupa na moyo. Mama huyu anahitaji maziwa au mala, dagaa wa kutafunwa na mifupa yake, kunde na mboga za majani. Apunguze chumvi na vyakula vya kukaanga, na apimwe presha na sukari mara kwa mara. Joto la usiku lina matibabu, asilivumilie kimyakimya. Akitokwa na damu tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, aende hospitali bila kuchelewa, hata kama ni matone tu.

Kabla ya kununua unga

Uwatu, habasoda na mdalasini vina nafasi yake jikoni, lakini havichukui nafasi ya vipimo. Uwatu unaweza kushusha sukari ya damu, hivyo mwenye kutumia dawa za kisukari anaweza kudhurika akiuchanganya na dawa hizo. Mjamzito asitumie unga wowote bila kumuuliza mhudumu. Dawa zinazouzwa nchini zinapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa isiyoonyesha kilichomo ndani iachwe dukani.

Pa kuanzia

• Andika tarehe ya kuanza na kumaliza hedhi kwa miezi mitatu. Daftari la shule linatosha.
• Ongea na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako. Mikoba waliyopewa kuanzia mwaka wa 2023 ina mizani na vifaa vya kupima presha na sukari.
• Fika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na daftari lako. Omba kupimwa uzito, kiuno, presha, sukari na damu, na uulize utakapomwona afisa wa lishe. Ikibidi, utapewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa kwa picha ya kizazi na vipimo vya homoni.
• Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi.

Usingoje miezi mitatu ya daftari ikiwa unatokwa na damu nyingi ukasikia kizunguzungu, una maumivu makali ya tumbo la chini, au hedhi imechelewa na huenda una mimba. Nenda siku hiyo hiyo.